Bastola yangu mpya ya shabaha, Ruger Mark IV ya .22: niliyoyaona mpaka sasa

MtuPwani_Ohio

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa walengaji shabaha na wale wanaotamani kuanza. Wa kujihami na wa kuwinda mnakaribishwa kusoma, ila mimi nitaongelea karatasi yenye maduara na mkono unaojaribu kutulia.

Nimenunua Ruger Mark IV Target ya chuma cha pua, mtutu mnene wa inchi 5.5, imekuja na magazini (kasha la kupakia risasi) mbili za risasi kumi kumi. Naishi Ohio, nimejiunga na klabu yenye renji, yaani uwanja wa shabaha, ya ndani na ya nje, na hapa karibu na Ziwa Erie ndipo palipo Camp Perry ambako mashindano ya taifa ya Marekani yamefanyika miaka nenda rudi. Kwa hiyo mazingira yananisukuma, na nakiri wazi kwamba mchezo huu umenikaa moyoni.

Kwa nini .22 na si 9mm? (Hivyo ni vipimo vya unene wa risasi; .22 ndiyo ndogo.) Kwenye 9mm mlio na mshtuko huficha mengi. Risasi ikienda pembeni unasema silaha imeruka. Kwenye .22 hakuna pa kujificha. Kichwa cha risasi ya kawaida kina gramu 2.6, bastola yenyewe ina kilo 1.2, hivyo mkono hautikiswi na chochote cha maana. Wewe wa mkono wa kulia, ukiona tundu limekwenda chini kushoto, ujue uliminya kiganja chote badala ya kidole, au ulisukuma ukiusubiri mlio. Karatasi inakuonyesha pale pale. Halafu kuna mfuko: bei ya risasi moja ya 9mm inakupa .22 mbili, hata tatu, na mchezo huu unataka marudio mengi kuliko kipaji.

Sasa silaha yenyewe. Bastola nyingi mnazozijua zina slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila mlio, na vilengeo vimekaa juu ya hiyo slaidi. Hii haina slaidi. Kuna bomba la chuma lililoungana na mtutu, na ndani yake bolti ya mviringo, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inakwenda na kurudi. Nje unaona masikio mawili tu nyuma, ya kukokia. Kilengeo cha mbele kiko juu ya mtutu, cha nyuma kiko juu ya bomba, na mtutu na bomba havisogei hata nywele kila ukifyatua. Kwa mlengaji hilo ndilo jambo kubwa kuliko rangi, mpini na mapambo yote.

Umbo hili ni la zamani. William Ruger alipata bastola ya Kijapani aina ya Nambu kutoka kwa askari wa Marekani aliyerudi vitani mwaka 1945, akaisoma, na mwaka 1949 yeye na mwenzake Alexander Sturm wakatoa bastola yao ya kwanza huko Southport, Connecticut, kwa dola 37.50. Kampuni ilianzia hapo. Toleo la shabaha lenye kilengeo cha nyuma cha kurekebishwa likaja 1951, mwaka ambao Sturm alifariki. Mark II ilikuja 1982, ikawa na bolti inayobaki nyuma risasi zikiisha. Mark III mwaka 2004, na hii ya nne mwaka 2016.

Ya nne ilitibu tatizo ambalo kila mwenye zile za zamani atakuhadithia: kuifungua ili uisafishe ilikuwa kazi, na kuirudisha ilikuwa kazi zaidi. Sasa unachomoa magazini, unahakikisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu kwa macho na kwa kidole, unaikoki, unaweka kitufe cha usalama, kisha unabonyeza kitufe kimoja nyuma chini ya bolti. Sehemu ya juu inainuka na kuinamia mbele kwenye bawaba. Bolti inateleza inatoka nyuma. Basi. Kuirudisha ni njia ile ile kinyumenyume. Mtu akinipa ya zamani kwa bei nzuri nitafikiri mara mbili, kwa sababu silaha rahisi kufungua ndiyo inayosafishwa.

Kwa wanaotaka kununua iliyotumika: Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa zirudi kiwandani. Ilionekana kwamba kitufe cha usalama kikiwa katikati, si juu wala chini, na triga ikavutwa, bastola inaweza isifyatuke wakati ule, ikafyatuka baadaye unapokisogeza kwenda kwenye kufyatua. Kampuni iliwarekebishia wenye nazo. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, chukua namba ya silaha ukaikague kwenye tovuti ya kampuni.

Mkononi, mpini wake umelala kwa nyuma kama wa Luger ya Kijerumani. Ukiinyoosha bila kufikiri, mtutu unaweza kutazama juu kidogo kuliko ulivyozoea. Anayetumia bastola ya 1911 au anayetaka kuitumia baadaye kwenye mashindano yuko salama zaidi na ile iitwayo 22/45, ambayo mpini wake umesimama. Mimi nimechukua huu wa kulala kwa sababu kifundo cha mkono kinafungika vizuri unapolenga kwa mkono mmoja.

Risasi ndizo zitakazohitaji maelezo marefu. Karibuni kwanza na maswali.

---

Kombania_B

Mkuu MtuPwani, hongera. Mimi bastola sijawahi kushika. Nilipita JKT kwa mujibu wa sheria, tulipiga SMG (bunduki ya kijeshi) renji, mwalimu anakuambia panga vilengeo viwili na shabaha mstari mmoja, bana pumzi, minya. Huku ni hivyo hivyo au kuna jingine?

---

MtuPwani_Ohio

Kaka Kombania_B, msingi ni ule ule, ila jicho linafanya kazi tofauti. Kwenye bastola umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni mfupi, kwa hiyo kupinda kidogo tu hapa mkononi kunakuwa sentimita nyingi kule mbele. Jicho lako haliwezi kuona vitu vitatu wazi kwa wakati mmoja. Lazima uchague, na unachochagua ni kilengeo cha mbele. Kiwe kikali, kingo zake uzione. Shabaha iache iwe na ukungu. Kichwa cha kilengeo cha mbele kilingane na mabega ya kile cha nyuma, na mwanga wa kushoto na wa kulia uwe sawa.

Wengi pia hatulengi katikati ya duara jeusi. Tunakaa chini yake, kwenye weupe, kwa sababu kilengeo cheusi juu ya duara jeusi hakionekani vizuri. Kisha unarekebisha kilengeo cha nyuma mpaka risasi iingie katikati. Kanuni ya kurekebisha ni nyepesi: sogeza kilengeo cha nyuma upande unaotaka risasi iende.

Pumzi, usiibane mpaka uone nyota. Toa nusu, simama hapo kidogo, piga. Ukiona umechelewa, shusha mkono uanze upya. Kushusha ni ufundi pia.

---

Kibwezi254

Sasa boss, nina maswali mawili. Moja, nasikia .22 hukwama sana kuliko risasi kubwa, ni ukweli? Mbili, unaweza kufanya mazoezi nyumbani ukifyatua bila risasi? Niliambiwa inaharibu.

---

MtuPwani_Ohio

Ndugu Kibwezi, la kwanza linanirudisha kwenye risasi.

Risasi kubwa za kawaida zina fataki katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 Long Rifle, ambayo ipo tangu 1887, haina hiyo. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, kuzunguka pote, na pini ya bastola inaubonda huo ukingo. Ndiyo maana ganda lake ni laini na halijazwi tena. Kiwandani ile baruti ikikosa kufika sehemu fulani ya ukingo, na pini ikaangukia hapo hapo, unasikia "tik" na hakuna kinachotoka. Vichwa vyake vingi ni madini ya risasi (lead) matupu yaliyopakwa nta au mafuta, na nta hiyo pamoja na masizi hujaza chemba na uso wa bolti. Kwa hiyo ndiyo, zinakwama zaidi, na mara nyingi sababu ni risasi au uchafu kuliko silaha.

Nilipoanza nilitumia za bei ya chini kabisa zinazouzwa kwa mamia kwenye boksi moja, jina sitalitaja. Baadhi hazikuwaka, na matundu yalitawanyika. Nikahamia za kampuni ya CCI ziitwazo Standard Velocity, yaani za kasi ya kawaida, zenye kichwa cha gramu 2.6, na tabia ya bastola ikabadilika papo hapo. Kuna sababu ya kifizikia inayotajwa sana, ingawa inahusu zaidi mitutu mirefu ya bunduki kuliko mfupi wa bastola. Kwa kipimo cha kiwanda hizo zinatoka kwa futi kama 1,070 kwa sekunde, yaani mita 326; kwenye bastola ni pungufu. Sauti inasafiri kwa mita 343 hivi kwa sekunde kwenye joto la kawaida. Kwenye mtutu mrefu risasi ya kasi kubwa inatoka ikiizidi sauti, halafu ikiwa njiani inapungua na kuvuka mpaka huo kurudi chini, na pale hewa inaisumbua. Ya taratibu haivuki chochote. Kwa mlengaji wa karatasi kasi si sifa.

Ikitokea "tik" bila mlio: usigeuze silaha, usiichungulie. Iache ielekee shabahani, hesabu angalau sekunde 30, ndipo uifungue. Na ikitokea mlio hafifu usio wa kawaida, SIMAMA. Toa magazini, toa kila kitu, angalia kama kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili nyuma ya iliyokwama inaweza kukuumiza.

La pili: kwenye .22 nyingi ukifyatua tupu, pini inagonga ukingo wa chemba, inaacha alama, na ganda halikai sawa tena. Onyo uliloambiwa lina msingi. Kwenye Mark kuna kipini kidogo kinachoizuia pini isifike huko. Ukisafisha ukakisahau mezani, utaharibu chemba. Na kwa kuwa bastola hii haifyatuki bila magazini kuwa ndani, na magazini tupu inaibakiza bolti nyuma, utaratibu ni huu: magazini nje, koki, iachie bolti irudi mbele, ndipo uingize magazini tupu na kuvuta triga. Risasi ziwe chumba kingine kabisa. Soma kitabu cha silaha yako kabla ya kunisikiliza mimi.

---

DadaShabaha

Kaka MtuPwani, umeandika vizuri na nakuunga mkono kwenye risasi. Mimi niko Minnesota, nashiriki ligi ya bastola kwa mkono mmoja, na nina mambo mawili.

La kwanza ni madini ya risasi. Watu wanaongelea masikio na macho, hawaongelei damu. Kichwa cha .22 ni madini hayo matupu, na baruti yake ya kuwashia kwa kawaida inayo pia, kwa hiyo kila mlio unaacha vumbi lake hewani na mikononi, hasa renji ya ndani. Usile wala kunywa pale. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa simu. Nguo za renji usizikumbatishe mtoto. Mama mjamzito au anayenyonyesha aongee na daktari wake kwanza.

La pili ni triga. Umekwepa kuiongelea. Triga nyingi za kiwandani za bastola za bei hii ni nzito kuliko anavyohitaji mlengaji. Sheria za kimataifa za mita 25 zinataka isipungue gramu 1,000, na huku Marekani kwenye .22 ni pauni mbili. Yako bila shaka iko mbali juu ya hapo. Vipo vipuri vya Volquartsen pale Iowa, unabadilisha, unakuwa na bastola nyingine. Badilisha mapema, usijijengee mkono wa kuvuta kwa nguvu.

---

MtuPwani_Ohio

Dada, ahsante kwa la vumbi, hilo lilistahili kuwa juu kabisa.

Kwenye triga tunatofautiana. Nitaibadilisha, lakini si sasa. Triga nzito kidogo yenye mvuto unaoeleweka inamlazimisha anayeanza kutenganisha kidole na kiganja. Ukianza na nyepesi, risasi inatoka kabla hujajua ulifanya nini, na unaweza kupiga kumi bila kujifunza. Nataka kwanza nione matundu yangu yamekusanyika mahali pamoja, hata kama si katikati. Yakikusanyika, kilicho kati yangu na duara la kumi ni bisibisi na kipuri. Yasipokusanyika, hakuna kipuri cha kunisaidia.

---

DadaShabaha

Nakuelewa, ila umesahau kwamba mkono unachoka. Ligi ya kawaida ni milio mingi kwa jioni moja, na triga nzito inakuharibia nusu ya pili yote. Nimewaona akina mama wenye mikono midogo wakikata tamaa kwa sababu hiyo tu, wakadhani wao ndio hawawezi. Kwa mwanamume mwenye kiganja kikubwa ushauri wako unafaa. Kwa wengine usiutoe hivyo.

---

MtuPwani_Ohio

Kwa mwenye mkono mdogo nimekubali bila ubishi. Abadilishe tangu mwanzo, na atazame mpini pia.

---

Mzanzibari_Leicester

Assalaam alaykum nyote. Nasoma kwa wivu mwema. Huku Uingereza hiyo bastola hairuhusiwi kabisa kwa raia. Baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Machi 1996, bastola za risasi kubwa kuliko .22 zilipigwa marufuku, na sheria ya pili ya mwaka 1997 ikazifunga na za .22. Wapenda shabaha wengi wamebaki na za upepo za mita 10, au zile ndefu zilizofungwa fimbo nyuma ili zisiingie kwenye kipimo cha bastola: mtutu usiopungua sentimita 30, na urefu wote usiopungua 60. Mimi nimeanza na ya upepo. Swali langu, ujuzi wa mita 10 unahamia kwenye .22?

---

DadaShabaha

Wa alaykum salaam. Unahamia karibu wote. Kusimama, kilengeo, kidole, kumaliza mlio bila kushusha mkono, yote ni yale yale. Hata mabingwa wanavuka huku na huku: Manu Bhaker wa India alipata shaba ya bastola ya upepo mita 10 Paris 2024, na kwenye mita 25, ambayo ni ya .22, akamaliza wa nne. Kinachokuja kipya ni muda. Hatua ya kasi ya mita 25 inakupa sekunde tatu kuinua mkono na kupiga, kisha sekunde saba mkono ukiwa chini, kisha tena.

Na anayesema amechelewa au mkono wake si mzuri amsome Károly Takács wa Hungaria. Bomu la mkono liliharibu mkono wake wa kulia mwaka 1938. Akajifunza kwa wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948, akaitetea Helsinki 1952.

---

MwanaChuo_Texas

Wakuu mimi ni mwanafunzi, niko na viza ya F-1. Nimeipenda sana hii kitu. Je, naweza kununua dukani? Au rafiki yangu mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) aninunulie nimrudishie hela?

---

MtuPwani_Ohio

Mdogo wangu, nakujibu kwa uzito wote. USIMTUME mtu akununulie. Kumnunulia silaha mtu asiyeruhusiwa ni kosa la jinai la shirikisho, kwako na kwa rafiki yako, na ile fomu ya 4473 anayoijaza dukani inamuuliza wazi kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Kudanganya hapo ni kosa jingine. Green card, ukiwa na miaka 21 na huna kizuizi kingine, unaweza kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni. Mwenye viza ya muda kama yako kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala hata kushika silaha au risasi, isipokuwa yuko kwenye misamaha iliyotajwa na sheria, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Usije ukaenda renji na washkaji ukidhani kukodi ni jambo dogo. Kamuone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Viza yako ina thamani kuliko shabaha yoyote.

Na kwa wanaoniandikia pembeni niwaletee nyumbani: hapana. Kuitoa Marekani kunahitaji vibali, na kuiingiza kwetu kunahitaji vibali vingine. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna bodi ya leseni za silaha. Njia ni ofisini.

---

Kibwezi254

Na nyumbani unaiweka wapi? Una watoto?

---

MtuPwani_Ohio

Ninao wawili. Bastola iko tupu ndani ya kasha la chuma la kufuli, limefungwa kwa nyaya kwenye nguzo ya kabati. Risasi ziko kasha jingine, ufunguo mwingine. Wanajua ipo na wanajua hairuhusiwi kuguswa, lakini sitegemei kujua kwao. Nategemea kufuli.

---

MtuPwani_Ohio

MREJESHO:

Nimefanya jaribio la kulinganisha aina za risasi. Yadi 25, bastola imelazwa juu ya mfuko wa mchanga ili mkono wangu usihesabike sana, silaha safi mwanzoni mwa kila aina. Za bei ya chini zilitawanyika, zikaacha moja moja nje ya kundi bila mpangilio. CCI Standard Velocity zilikaa kwenye eneo ambalo kifuniko cha chupa ya jemu kinalifunika. Risasi za SK, za Kijerumani, zilibana zaidi, lakini bei yake ni ya siku ya mashindano. Mini-Mag, zile za CCI za kasi kubwa, zote ziliwaka bila kukwama, kundi likawa kubwa kuliko la zile za taratibu.

Usihamishe matokeo yangu kwenye silaha yako. Kila mtutu unachagua chakula chake, hata mitutu miwili ya kiwanda kimoja. Nunua boksi moja moja za aina tofauti, pima, kisha nunua nyingi za ile iliyoshinda.

Niligundua jingine pia. Unapobadilisha aina ya risasi, milio michache ya kwanza haina maana, kwa sababu mtutu bado una nta ya aina iliyopita. Piga chache pembeni, ndipo uanze kupima.

---

DadaShabaha

Sawa kabisa hilo la nta. Sasa ondoa mchanga. Weka karatasi yadi 25, risasi tano kwa sekunde 20, mkono mmoja, kisha tano kwa sekunde 10. Leta picha ya karatasi zote mbili hapa, tuone ile ya sekunde 10 imevutwa upande gani. Hapo ndipo tutamaliza ubishi wetu wa triga.

---

MtuPwani_Ohio

Ligi ya klabu inaanza Alhamisi. Nitazipandisha zote mbili usiku huo huo, pamoja na ile mbaya.